Kumwandika Asiyeweza Kujibu

Mwaka 1945, katika kisiwa cha Ukerewe, Aniceti Kitereza, mtu aliyekuwa akikaribia umri wa miaka hamsini, alimaliza kuandika kwa Kikerewe hadithi ndefu ya mume na mke waliokaa katika ndoa yao bila ya kujaliwa mtoto, hata ndugu wa mume wakaanza kumsimanga yule mke, na masimango yalipozidi wazazi wake wakaja wakamchukua binti yao wakarudi naye kwao, mume akabaki katika mji wake na mifugo yake na vyombo vyake, akiwa na kila kitu ila yule ambaye kwa ajili yake vitu vile vilikuwa na faida. Mume huyo ni Myombekere, na mke ni Bugonoka. Majina yao yanajulikana leo hata katika nchi za mbali. Lakini liko jambo moja ambalo hadithi yenyewe haimwambii msomaji, nalo ni kwamba Kitereza na mkewe, Anna, walipata watoto wasiokaa duniani, na kwamba yule aliyekuwa akiandika, ukurasa kwa ukurasa, habari za nyumba isiyo na sauti ya mtoto, alikuwa akiziandika akiwa ndani ya nyumba ya namna ile ile.

Naandika maneno haya Mugango, ukingoni mwa Ziwa Viktoria upande wa Mara, mahali ambapo Ukerewe huhesabiwa kuwa ni jirani wa majini, na lugha yake ni jamaa wa Kijita, Kikwaya na Kiruri, hata mzee wa huku akimsikia Mkerewe akizungumza hahitaji mkalimani wa kumweleza kuwa mtu yule analalamika au anashukuru. Lakini sikumtanguliza Kitereza kwa sababu ya ujirani. Nimemtanguliza kwa kuwa, katika yote niliyoyasoma katika lugha yetu, sijaona mfano ulio bora kuliko wake wa fadhila ambayo nataka kuitafakari hapa, nayo ni kiasi cha kalamu pale mwandishi anapogusa mahusiano yaliyovunjika, watu waliotutoka kwa mauti au kwa ugomvi, na yale majuto ambayo humkuta mtu akiwa peke yake, hana tena wa kumwomba radhi.

Tazama alivyofanya. Myombekere amepoteza mke kwa makosa ambayo kwa kweli ni ya ndugu zake, ila na yeye ana sehemu yake, maana masimango yalisemwa katika jamaa yake naye hakuyazima. Mwandishi wa pupa angalimketisha chini akamtoa machozi, akampa maneno mengi ya huzuni, akamfanya amlalamikie Mungu na jaala. Kitereza hakumpa nafasi hiyo. Alimwinua akamtembeza. Myombekere anakwenda ukweni kwa miguu yake, anabisha hodi, anakaribishwa kwa adabu ambayo ndani yake mna lawama, anakaa kama akaavyo mkwe mwenye kesi, anasikilizwa, kisha anatozwa pombe ya ndizi iwe fidia ya dharau aliyotendewa binti wa watu. Na hapo hadithi, badala ya kukimbilia upatanisho, inashuka shambani: ndizi zinatafutwa, zinaivishwa, zinakamuliwa, pombe inangojewa mpaka ichachuke, majirani wanaitwa kusaidia, mitungi inabebwa njiani. Msomaji asiye na subira huuliza kwa nini tumepelekwa kote huko. Ajibiwe kwamba ni humo katika kukamua ndizi na kubeba mitungi ndimo majuto ya Myombekere yalimotiwa, yote kabisa, pasipo mtu kuyataja; maana mume anayetaabika vile kwa ajili ya mke ambaye watu wanamwita tasa amekwisha kusema kila kitu ambacho mkewe alitaka kukisikia.

Katika hadithi wale wawili wanarudiana, wanatafuta mganga, na mwishowe wanapata mtoto wa kiume, Ntulanalwo, na wa kike, Bulihwali. Katika maisha Kitereza hakupata hivyo. Alikaa na Anna katika ndoa yao ya Kikristo mpaka uzeeni, ilhali desturi ya wakati ule ilikuwa radhi kabisa kumruhusu mtu asiye na mrithi aoe mke mwingine. Kumpa mtu wa kubuni baraka ambayo wewe mwenyewe umenyimwa, na kumpa bila husuda, bila kumkonyeza msomaji ili akuhurumie wewe uliyeketi nyuma ya pazia, ni kazi ya moyo uliokwisha kufundishwa. Sijui mwandishi mwingine wa Afrika Mashariki aliyeifanya kwa utulivu kama ule.

Wala hakupewa ujira wake upesi. Kikerewe kilikuwa na wasomaji wachache, na mchapaji hakupatikana. Muswada ukakaa miaka mingi, hata yeye mwenyewe, akiwa mzee, akaitafsiri kazi yake yote kwa Kiswahili ili watu waweze kuisoma. Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam ilikitoa kitabu mwaka 1980, miaka 35 tangu alipomaliza kukiandika, na mwaka uliofuata Kitereza alifariki, kitabu kilichochapwa kikiwa bado hakijamfikia mkononi. Gabriel Ruhumbika, naye ni mwana wa Ukerewe, alikifasiri kwa Kiingereza kikatoka mwaka 2002. Nayasimulia haya kwa sababu watu hudhani kuwa anayeandika kwa kiasi ni mtu ambaye hakuumia sana.

Lakini huku kwetu iko mila nyingine, nayo yapasa niitaje kwa heshima, maana imejenga nyumba nyingi. Wamisionari wa Kimennonite walifika Shirati mwaka 1934, na baada ya muda si mrefu wakafungua vituo vingine, Mugango kikiwa miongoni mwa vile vya mwanzo. Mwaka 1942 uamsho uliokuwa ukienea Afrika Mashariki kutoka Rwanda na Uganda ulifika Mara, na watu wakaanza kusimama mbele ya kusanyiko na kutubu kwa vinywa vyao: huyu alimwibia jirani, yule alimchukia mzungu wake akaificha chuki kwa tabasamu, mwingine alimdhulumu ndugu yake katika urithi. Waliorudisha mali walirudisha; waliokuwa hawasemezani walipeana mikono. Zedekia Kisare, ambaye mwaka 1967 alikuja kuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa Kanisa la Mennonite Tanzania, alikuwa mtu wa uamsho ule, na kizazi chake kilishuhudia kwamba toba ile iliwafanya Waafrika na wageni wao kutazamana kama ndugu. Mtu yeyote aliyekulia katika vijiji hivi amesikia ushuhuda wa namna hiyo, na hawezi kuudharau.

Hata hivyo, toba ya kusanyiko ina sharti moja ambalo karatasi haina. Mle ndani aliyekosewa aghalabu yupo. Ameketi kwenye benchi la tatu, anasikia, na ushuhuda ukipotoka anaweza kuinuka akasema, "Sivyo ilivyokuwa, ndugu yangu." Akisamehe, watu wanauona mkono wake. Akikataa kusamehe, hilo nalo linaonekana. Bali mtu akichukua toba ile ile akaitia katika kitabu au gazeti, aliyekosewa hayupo tena kwenye benchi. Pengine amezikwa. Pengine yuko visiwani, au Dar es Salaam, au Uarabuni, na maandiko hayo hayatamfikia kamwe. Pengine ni mwanamke ambaye sasa ana mume mwingine na watoto wanaosoma shule moja na watoto wa mwandishi. Baraza ni tupu. Mwandishi ndiye mshtaki, ndiye mshtakiwa, ndiye shahidi, na jioni, akiwa amejichosha kwa kulia, ndiye pia kadhi anayetoa hukumu, na hukumu, kwa bahati njema, humwendea vizuri.

Hii ndiyo sababu naona kiasi katika uandishi wa majuto si suala la ladha wala la mtindo, ni suala la insafu. Yule asiyeweza kujibu ana haki juu yetu. Haki ya kwanza ni kwamba asivuliwe nguo. Katika mji mkubwa mwandishi anaweza kubadili jina la mtu akaona amemsitiri. Katika mahali kama Mugango jina halisitiri kitu, kwa sababu ukisema tu nyumba yenye miembe miwili karibu na njia ya kushukia mwaloni, hata watoto wanajua ni kwa nani. Basi sitara ya kweli iko katika kuchagua ni lipi lisemwe na lipi liachwe, na kuacha mara nyingi kuna thamani zaidi kuliko kubadili. Haki ya pili, nayo husahauliwa zaidi, ni kwamba asipakwe mafuta ya utakatifu. Tumezoea marehemu kugeuka malaika siku ya arobaini. Mtu aliyekuwa na ulimi mkali, mwenye ucheshi na ubahili wake, akiandikwa kuwa alikuwa mpole kuliko wote, amepotezwa mara ya pili, na safari hii kwa hiari yetu.

Na hapa sharti niseme kwa ukali kidogo, maana najua watakaonielewa vibaya. Staha inaweza kuwa mlango wa kutorokea. Wako waandishi, na wengi wao ni wanaume wa rika la heshima, ambao wakifikia mahali pa kosa lao wenyewe hupunguza sauti, huandika kwamba mambo hayakwenda sawa, kwamba ulimwengu una mitihani, kwamba waliachana kwa amani, ilhali aliyeacha ni mmoja tu, na aliyeachwa alibaki na watoto wanne na paa linalovuja. Huo si uandishi wa kiasi. Ni uongo uliovaa kanzu. Kiasi kinaihusu huzuni ya mwandishi. Tendo lenyewe hakikupewa ruhusa ya kulipunguza. Nililotenda niliseme waziwazi, kwa kauli fupi yenye mtendaji, siku yake na mahali pake. Nilivyoumia baada ya hapo ndiko ninakotakiwa kubana. Waandishi wengi hufanya kinyume: hunyamazia tendo na kuyapigia maumivu tarumbeta.

Mfano wa hili uko Unguja, katika maisha ya Sayyida Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, aliyezaliwa mwaka 1844. Katika enzi ile wasichana wa jumba la kifalme walifundishwa kusoma Kurani, walakini si kuandika. Salme alijifundisha mwenyewe kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Ujuzi huo alioupata kwa bidii ya kupendeza ndio uliomtia katika balaa. Baba yao alipokwisha kufariki, ndugu zake Majid na Barghash waligombea utawala, na mwaka 1859, Barghash alipotaka kumpindua Majid, ndiye Salme, binti wa miaka kumi na mitano tu, aliyeshika kalamu akawaandikia wale waliokula njama barua zao. Njama ilivunjwa, Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay, na undugu wa watoto wa Seyyid Said haukurudi tena kama ulivyokuwa.

Miaka mingi baadaye, akiwa Ujerumani, mjane wa mfanyabiashara wa Hamburg, jina lake sasa Emily Ruete, Salme aliandika kumbukumbu zake zilizotoka mwaka 1886. Analolieleza kuhusu njama ile analieleza kama lilivyokuwa: kwamba alikuwamo, kwamba aliandika, kwamba Majid, kaka yake aliyemtendea wema, alikosewa, na kwamba Majid alimsamehe. Majuto yake anayataja. Hayafanyi kuwa ukumbi wa kuchezea. Anaendelea mbele na habari za jumba, za mavazi, za chakula, za mafunzo ya watoto, na msomaji ambaye amekwisha kujua kwamba mikono iliyokuwa ikieleza mambo haya ndiyo iliyoandika barua za mwaka 1859 hawezi kusoma habari hizo bila ya kusikia kitu kingine chini yake. Aliporudi Unguja mwaka 1885, Barghash, yule yule aliyempigania, sasa akiwa Sultani, hakumpokea. Salme alifariki Jena mwaka 1924, na miongoni mwa vitu vyake alikuwa ameweka mchanga wa pwani ya Unguja. Kuhusu mchanga ule sina la kuongeza.

Katika ushairi wa pwani kiasi hiki ni cha zamani zaidi. Mwana Kupona binti Mshamu, alipomtungia binti yake utendi wa wasia mwaka 1858, alikuwa mgonjwa na tena mjane, mumewe Bwana Mataka wa Siyu akiwa amefariki miaka miwili nyuma. Na katika utendi mzima, ambao ni mrefu, mume yule anapewa mahali padogo tu, panaposema jinsi walivyokaa pamoja bila ugomvi na kwamba alikufa akiwa radhi naye. Shaaban Robert naye, alipofiwa na mkewe wa kwanza, alimwombolezea katika shairi lililobeba jina lake, Amina, na akamtaja katika Maisha Yangu kwa maneno ya kuhesabika. Kisha kwa binti yao, Mwanjaa, akatunga Utenzi wa Hati, ambao una mafunzo mengi na kilio kidogo. Mzazi aliyebaki peke yake alikuwa na watoto wa kulea, na kalamu ikafuata mahali kazi ilipo.

Isije ikaonekana kwamba fadhila hii ni ya wenye vitabu tu, nitasimulia jambo la hapa hapa. Zamani, kabla ya simu za mkononi kuingia katika kila mfuko, kijana aliyejua kuandika vizuri alikuwa mali ya kijiji, na wazee walimwita awaandikie barua za kwenda visiwani, Mwanza, Geita na kwingineko walikohamia jamaa zao. Mama mmoja alinikalisha nje ya nyumba yake, mchana ambao mwaloni palikuwa pametulia kwa kuwa usiku uliopita ulikuwa wa mbalamwezi na mitumbwi ya dagaa haikutoka. Mchanga uliokuwa ukianikiwa dagaa ulikuwa mtupu, ila magamba machache yaliyong'aa na kuku waliokuwa wakiyadonoa. Alitaka kumwandikia kaka yake. Walikuwa wamegombana juu ya mali ya baba yao, maneno mazito yakatoka, kaka akapanda mashua na karabai yake akaenda zake, na miaka ilikuwa imepita bila salamu.

Salamu alizisema zote kwa utaratibu wake, mpaka za wajomba. Kisha akasema niandike kwamba nyavu za baba amezitundika pale pale zilipokuwa, darini, na kwamba panya hawajazigusa kwa sababu kila mvua zikianza huzitoa akazianika. Nikangoja. Akasema niandike kwamba yule mtoto wa kaka aliyekuwa na kikohozi amepona, na sasa anachunga. Nikangoja tena. Nilipoona hasemi lingine nikamuuliza, "Mama, nimwandikie kwamba unasikitika kwa yale yaliyotokea?"

Alinitazama bila hasira. "Hapana, mwanangu. Ukimwandikia hivyo atadhani nimefundishwa na watu. Andika kwamba mimi ndiye niliyesema lile neno la mama yake. Andika hilo, basi. Nyavu amekwisha kuzisikia."

Kaka na dada wale walikuwa wa baba mmoja, mama mbalimbali, na neno lililosemwa juu ya mama wa mtu haliulizwi lilikuwa lipi. Niliandika kama alivyotaka: mimi ndiye niliyesema lile neno la mama yako. Katika wasomi ambao nimesoma vitabu vyao vya kufundisha uandishi sioni mmoja aliyenionyesha kwa uwazi kama huo namna tendo linavyotakiwa kutajwa na huzuni inavyotakiwa kubanwa. Alikiri kosa moja, lililo lake, bila kulirudia lile neno lenyewe, kwa maana kulirudia kungalikuwa ni kumtukana tena yule mama katika maandishi. Kuhusu kosa la kaka yake, ambalo bila shaka lilikuwako, hakutaka nitie hata herufi moja. Na zile nyavu zilizokuwa zikianikwa kila mwaka zilibeba yaliyobaki.

Wahenga wa Kiswahili wamesema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Wapo wanaoitumia kauli hii kuwa ni hoja dhidi yangu: kama mwandishi halii, msomaji atalia kwa lipi? Lakini aliyehudhuria msiba anajua kwamba mfiwa huanza tu. Akishaanza, wa mbali wanaingia, sauti zao zinaibeba sauti yake, naye anapata nafasi ya kukaa kimya, akitazama chini, akishikwa bega. Mfiwa ambaye hamwachii mtu mwingine nafasi ya kulia, anayezidisha kelele kila mgeni anapoingia, huwafanya watu watazamane. Msomaji ni yule mtu wa mbali. Amesafiri kuja. Tumwonyeshe marehemu alikuwa nani, alikaa wapi, alipenda nini, tulimkosea nini; tukiisha, tumwachie mahali pa kuingia na kilio chake mwenyewe, maana na yeye ana watu wake aliowapoteza na ndio atakaowalilia.

Kuna swali la wakati pia. Nimesoma maandishi mengi yaliyoandikwa jeraha likiwa bichi, na mengi yake yana nguvu ambayo haidumu: hasira bado inatafuta wa kumwangukia, na huruma ya mwandishi inamrudia yeye mwenyewe. Hii si kusema mtu asiandike siku ile. Aandike, kama kuandika kunampa usingizi, kisha akifungie. Baada ya miaka akikifungua ataona mwenyewe mistari ipi ilikuwa ya kweli na ipi ilikuwa ya kumkomoa mtu. Kipimo changu ni kimoja, nacho nimekikuta kwa kusoma wale niliowataja: je, yule aliyeondoka, akiyasoma maandiko haya, angejitambua humo, sababu zake mwenyewe zikiwamo? Maana aliyetuacha alikuwa na sababu zake. Mwandishi wa majuto anayeshindwa kuzieleza sababu za mwenzake kwa haki, hata zile zinazomuumiza yeye, hajawa tayari.

Watu wa ziwa tuna jambo moja linalotutenga na wengine katika maudhui haya, nalo ni kwamba maji hayatoi taarifa. Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na watu kwa mamia wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichokuwa kikitoka Bugolora kwenda Ukara, kilipinduka kikiwa kimekaribia kabisa gati, na waliofariki walizidi 200. Watu waliokuwa wamesimama nchi kavu kuwapokea wageni wao waliyaona yote kwa macho. Katika misiba ya namna ile hakuna asiyejua nyumba ambayo mtu aliondoka asubuhi kwa hasira, mlango ukasukumwa, jibu likaachwa kwa ajili ya jioni. Tukisikia habari za mitumbwi ya wavuvi isiyorudi, mmoja leo, mwingine mwezi ujao, misiba ambayo magazeti hayaiandiki, tunajua pia kwamba barua ile niliyoagizwa niiandike ingeweza kuchelewa.

Kwa hiyo, msomaji, kabla hujatafuta karatasi, angalia kwanza kama huyo unayetaka kumwandika yu hai. Kama yu hai, kalamu iweke. Myombekere hakuandika kitu. Alichukua fimbo yake akaenda ukweni, akakaa pale alipoonyeshwa, akasikiliza alivyokosa, akakubali kutozwa. Nenda nawe, hata kama ni kuvuka maji, hata kama utakalishwa nje. Na kama mauti yamekwisha kukutangulia, andika, lakini andika kama yule mama alivyoniamuru: taja kosa lililo lako, usilirudie tusi, usimsemee aliyekufa makosa yake, uwaambie wasomaji kuhusu nyavu, kisha utie jina lako.